Lori la Jumanne

Bronwyn alimwona mzee Athol akivuka uwanja wa treni za mizigo pale Kewdale, Perth, kofia mkononi, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki tano nyuma seremala huyo alikuja kuuliza gharama ya kupeleka meza thelathini kwa mwenye hoteli mmoja Melbourne. Alitaka treni. Bronwyn, karani aliyekuwa mgeni bado katika ofisi ya kusafirisha mizigo, akamlinganishia bei. Treni dola elfu nne na mia mbili, hadi mlangoni. Meli elfu mbili na mia sita, pamoja na lori la kutoa kontena bandarini.

"Unalipia haraka usiyoihitaji, mzee," alimwambia.

Meli ilifika Ijumaa. Bandari hutoa siku nne za bure baada ya meli kufika, kisha kontena hulala kwa kulipiwa. Bronwyn aliagiza lori la Jumanne. Huku Perth, Jumanne hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Kule Melbourne ni sikukuu ya mbio za farasi, na hakuna dereva anayewasha gari. Lori lilipatikana Ijumaa iliyofuata, na malipo ya bandari yakaifanya meli kuwa ghali kuliko treni.

Mzee alipopiga simu kuuliza bili hiyo ya nini, Bronwyn aliingiwa na hofu, akasema, "Labda karatasi zako za kutolea kontena zilichelewa kutiwa saini."

Sasa mzee alikuwa amesimama mbele yake.

"Nimekuja kukuomba radhi, binti. Zile karatasi zilikaa kwangu siku mbili. Sikuipata miwani yangu."

"Uliikalia miwani tena?" akauliza Radmila, bosi wa ofisi, kutoka meza ya pili.

"Safari hii ilikuwa ndani ya friji."

Radmila akacheka. Bronwyn hakuweza.

"Mwenye hoteli amekasirika," mzee akaendelea. "Nimemwambia ni mimi, uzee huu. Mtu asiyeweza kufuata karatasi mbili aache biashara. Kesho anakuja mnunuzi kuziangalia mashine zangu."

Uso wa Bronwyn uliwaka hadi masikioni. Aliitazama kofia ile, maana macho ya mzee yalimshinda.

"Usiuze," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Karatasi zako ziliwahi. Ni mimi niliyeagiza lori siku ya mbio za farasi."

Radmila akaweka kikombe chini taratibu.

"Na uliyoniambia kwenye simu?" mzee akauliza.

"Nilikudanganya."

Mzee akavuta kiti, akakaa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kofia yake.

"Wiki nzima nimejiona sifai," akasema. "Mpigie mwenye hoteli. Mwambie ukweli ulioniambia sasa hivi. Nataka nisikie."

Bronwyn akabonyeza namba. Simu ikapokelewa.

"Naitwa Bronwyn Tully," alisema. "Meza zilichelewa kwa kosa langu, si la mzee Athol." Mzee Athol akageuza uso dirishani, akamsubiri aendelee.