Mguu wa Kushoto wa Hashimu

Alhamisi moja ya mwaka 1993, soko la Lushoto likiwa limechangamka, Hashimu Shemboza alikuwa amekaa juu ya gunia akipaka rangi viatu vya mitumba, mguu wake wa kushoto ulipowasili kutoka vitani. Ulikuja peke yake, umevaa buti la jeshi, matope hadi gotini. Watu wa Mombo walikuwa wameuona ukianza kupanda mlima, wakaupisha.

"Umechelewa," Hashimu akauambia, akaufungulia kamba za buti.

Kabla ya vita alikuwa winga wa kushoto wa timu ya shirika la mkonge kule Tanga, na mabeki walikuwa wakimwota. Mwaka 1978 akaitwa jeshini. Bomu la kutegwa ardhini likaubakiza mguu Uganda, naye akarudishwa nyumbani na magongo mawili na ahadi nyingi. Mkewe alivumilia, kisha akachoka.

Jioni ile akajaribu kuurudisha mguu mahali pake. Haukushika. Wenyewe ulikuwa bado kijana, msuli umejaa. Paja lake yeye lilikuwa limesinyaa. Basi akautandikia mkeka kando ya kitanda. Aliufurahia mno, kusema kweli, kwani nyumba ile haikuwa imesikia hatua za mwingine kwa miaka. Msikitini pakazuka mjadala kama sasa alipaswa kutawadha miguu miwili.

"Ukiwepo, uoshe," akasema Sheikh Faraji. "Ukiwa mpirani, umesameheka."

Hashimu akawa anauosha taratibu, kidole kwa kidole, hata wenzake wakawa wanamtangulia rakaa nzima.

Mpirani ulikwenda kila alasiri, na krosi zake zilikuwa zilezile. Habari zikashuka hadi Tanga. Timu ya shirika ilikwisha kuuzwa pamoja na mashamba, na mwenye nayo sasa alikuwa mfanyabiashara kijana, Nassir. Akapanda Lushoto na gari lake, akautazama mguu ukicheza, akaridhika.

"Shikamoo, kaka Hashimu."

"Marahaba."

"Tunauchukua huu."

"Tunaondoka lini?" akauliza Hashimu, keshashika magongo.

Nassir akatazama chini. "Kaka, usinielewe vibaya. Nafasi ya mchezaji ipo. Ya majeruhi haipo, hayo yalikuwa mambo ya shirika."

Hashimu akauomba mguu ubaki. Aliuomba mbele za watu, machozi yakimtoka, bila kuona haya. Mguu ulisimama kidogo, vidole vimeelekea barabarani, kisha ukapanda gari. Ulikuwa kijana, na vijana hupenda mpira.

Jumamosi ya mechi ya kwanza, Mwajuma, muuza karoti aliyepakana naye sokoni, alikuwa amefungulia redio. Mtangazaji akasema winga mpya amechezewa vibaya gotini, na daktari anaingia uwanjani na barafu. Palepale Hashimu akaanguka juu ya viatu vyake, akapiga ukelele, akishika hewa. Wateja wakamruka, wakaendelea kuchagua.

Mwajuma akainama. "Pole, kaka. Panauma wapi?"

"Tanga," akasema Hashimu.

Mwajuma akalifikiria jambo hilo, kisha akarudi kupanga karoti zake, maana Tanga ni mbali.