Mgeni Namba Kumi na Mbili

Bawabu wa msitu wa misonobari alikuwa mtu wa kushika neno. Msimamizi wake mpya alipomwambia, "Yeyote anayekuja kutembelea chochote humu, mwandike, sitaki visingizio," aliitikia, "Sawa, mkuu," akachonga penseli.

Asubuhi hiyohiyo mbawakawa mmoja mwembamba, mwekundu, mwenye vipapasio virefu kichwani, alipita juu ya geti akatua kwenye maua meupe kando ya njia, akaanza kula chavua bila haraka. Bawabu alijikuna kichwa, kisha akaandika: Mgeni namba kumi na mbili. Shughuli: kutembelea maua.

Saa kumi jioni wageni wengine wote walikuwa wametoka. Msimamizi akapitia daftari, uso ukamshuka.

"Kumi na mbili hajatoka! Kapotea!"

Kabla bawabu hajafungua kinywa, filimbi zililia na wakata miti ishirini wakazama msituni wakiita, "Mgeni! Mgeni ee!"

Mkewe bawabu, aliyemletea chai, alimvuta kando. "Huyo mgeni yukoje, mume wangu?"

"Mwembamba. Mwekundu. Ana mbawa."

Mke akashika kiuno. "Nenda ukaseme mwenyewe."

Alikwenda, akaeleza yote. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akawatazama watu wake waliolowa jasho. Kisha akaingia vichakani, akarudi na ua mkononi, mbawakawa juu yake.

"Huyu hapa. Andika katoka."

Bawabu aliinama akachungulia. "Samahani, mkuu, siye. Yule kipapasio chake cha kushoto kimekatika ncha."

"Unanitania?"

"Nitaandikaje uongo, mkuu?"

Mbawakawa wa nne kuletwa ndiye aliyekuwa mwenyewe. Msimamizi alimpitisha getini taratibu kama mtu aliyebeba mayai, na wakata miti, ambao hawakuambiwa kitu, wakapiga makofi. Bawabu akaandika saa ya kutoka, roho ikamtulia.

Kesho yake daftari lilikuja na safu mpya: Idadi ya miguu. Wenye kuzidi miwili wasiandikwe. Bawabu alifurahi, amri ilikuwa wazi. Mtu wa kwanza kufika alikuwa mzee mwenye mkongojo. Walibishana robo saa nzima, mpaka mzee akachoka, akakubali kuwa ana mitatu, akaingia zake bila kuandikwa.