Faili Lililopelekwa kwa Mkono

Saa tatu asubuhi daktari alimruhusu Hamisa kwenda nyumbani, naye akajiona keshafika Buguruni kwa mama yake. Mapafu yalikuwa yamepona. Kilichomchoma ni simu ya alfajiri: mama yake amefariki, na jeneza litatoka nyumbani saa sita kwenda kuswaliwa. Wanawake hawafuati makaburini. Akitaka kumwona mama yake, amwone ndani ya nyumba kabla hajabebwa. Hamisa alitaka uso ule tu, mara moja, basi.

Ukweli usemwe, hospitali ile haikuwa na watu wabaya. Afadhali ingekuwa nao! Siku zote faili la anayeruhusiwa huwekwa kwenye kikapu cha wodini, mhudumu akalipeleka famasi, likarudi na dawa, kibali cha getini kikaandikwa. Ni kazi ya saa moja. Lakini Sista Adelina, muuguzi wa zamu, aliposikia habari ya msiba alilibeba mwenyewe.

"Pole sana, dada yangu. Kikapuni litachelewa, ngoja nilipeleke kwa mkono."

Akamwachia Isack wa famasi na kumnong'oneza habari. Isack naye akaingiwa na huruma. Dawa moja haikuwepo, akakimbia na faili kwa daktari aibadilishe. Daktari kaingia chumba cha upasuaji. Isack akaliacha mezani kwake, akaamini Adelina atalifuata. Adelina akaamini Isack atalileta. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa kila nahodha alikuwa anamwonea huruma abiria.

Hamisa alikaa ukingoni mwa kitanda, kashavaa baibui, sindano ya dripu ingali mkononi. Saa tano alishindwa kuvumilia, akashuka hadi getini.

"Mama, bila kibali nikikutoa, mie ndo nafukuzwa," mlinzi alisema, na macho yake kweli yalikuwa na majonzi. Huruma tena! Hamisa alitamani mtu mmoja amtukane ili apate wa kugombana naye.

Alirudi wodini. Mdogo wake Mwishehe akapiga simu.

"Dada, uko wapi? Wazee wanasema maiti hacheleweshwi."

"Nimeruhusiwa tangu asubuhi!"

"Sasa umekwama na nini?"

Hapakuwa na mlango uliofungwa wala mtu aliyekataa. Hamisa alilia kwa hasira, kanga mdomoni ili wagonjwa wenzake wasisikie.

Saa sita kasorobo Mwishehe alipiga tena, safari hii kwa video. Alikuwa peke yake chumbani kwa mama, anaongea kwa kunong'ona.

"Wazee hawataki mambo ya simu kwa maiti. Nitakufunulia mara moja tu, dada. Wapo mlangoni na jeneza. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Mkono wa Mwishehe ukashika ncha ya sanda. Hamisa akaisogeza simu karibu na macho, akazuia pumzi.

"Nimelipata!" Adelina aliingia mbio, jasho linamtiririka, faili juu. "Dada yangu, nimelipata! Lilikuwa kwa daktari!"

Hamisa aligeuka. Ni mara moja tu, kama mtu yeyote anavyogeuka akiitwa. Aliporudisha macho kwenye simu, uso ulikuwa umeshafunikwa sanda na wanaume walikuwa wameshaingia chumbani.

"Umemwona, dada?" Mwishehe aliuliza.

"Nimemwona," Hamisa alisema, akamnyooshea Adelina mkono atoe sindano.