Kikapu cha Bongnyeo

Kwenye bafu la umma pale mtaani Busan, kila mteja wa siku zote ana nafasi yake rafuni ya kuweka kikapu cha taulo, sabuni na dodoki. Kikapu cha Bongnyeo kilikuwa bado pale, ingawa juzi walimzika.

"Dada Malsun, kikapu cha shoga yako huyo kiondoe basi," mwenye bafu alisema. "Kuna mama anasubiri nafasi."

"Akaoge kwake."

Wanawake waliangua kicheko, Malsun naye akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakakataa kukoma.

Akanyoosha mkono, akashusha kikapu chake mwenyewe. "Huyo mama apewe nafasi yangu."

Sasa kila asubuhi Malsun hurudi nacho nyumbani, kikichuruzika maji njia nzima.