Gitari ya Pili

Mimi sikuwa na ugomvi na Marcellin. Ugomvi wangu ulikuwa na gitari yake. Aliinunua Usumbura kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha pamba, na tangu siku ile mtaa wetu wa Mulongwe haukupata tena usingizi wa mchana. Yeye alipiga gitari ya kwanza, rafiki yake Damien akapiga ya pili. Na Spès, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mimi shangazi yake, akawa anafua nguo huku akiiga ile ya pili kwa mdomo: tee-te, tee-te. Nikimwambia anyamaze kidogo, ananyamaza kidogo kweli, kisha anaanza tena.

Basi Spès na Marcellin wakapendana, wakataka kuoana. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana mama yake Marcellin, Nkeshimana wa kijiji cha Mutarule, alikwisha kutuma neno kwamba hataki mkwe wa mjini asiyejua akazehe. Hiyo ni salamu ya wanawake wetu wa Kirundi, na huimbwa. Mnashikana mikono, mkubwa anaimba habari za watoto, za ng'ombe na za mashamba, na mdogo anajibu humo humo katikati, kila mwenzake anapovuta pumzi. Nilijaribu kumfundisha Spès. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya bibi zetu.

Siku ya kwenda Mutarule hakucheka tena. Tulipanda lori pamoja na Marcellin na gitari yake, tukakaa juu ya magunia matupu ya pamba, na njia nzima aliniuliza kama atakataliwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo, anaweza kukataliwa. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Nkeshimana alitupokea mlangoni, akamshika Spès mikono, akaanza kuimba. Na Spès akafanya kosa la watoto wa mjini waliolelewa vizuri: akainamisha kichwa, akanyamaza kwa heshima, akingoja mama mkwe amalize ndipo ajibu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunza asimkatize mkubwa. Lakini katika akazehe, asiyeingia katikati ameikataa salamu. Nkeshimana aliimba, akaacha nafasi, kimya. Akaacha nyingine, kimya. Mwisho mikono yake ikalegea, uso ukamshuka.

"Uyu mutoto iko bubu?" akaniuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Machozi yalikuwa yanamlengalenga Spès. Nikamshika Nkeshimana mikono mimi, nikamwomba anisalimie na mimi. Akaanza upya, bila furaha. Nikaitikia, lakini vumbi la lori likanipalia, na sauti ikanikatika.

Pale pale ilipokatika, nikasikia nyuma yangu: tee-te, tee-te. Ilikuwa ile ile ya kufulia nguo. Iliingia kila mahali Nkeshimana alipovuta pumzi, haikukosea hata mara moja. Nikageuka. Spès alikuwa amefumba macho, anaimba kama yuko kwenye beseni lake. Na mimi ninayeijua akazehe tangu utoto, nilikuwa nimeisikia kwenye gitari miaka miwili mizima nikaiita kelele.

Nikajiondoa taratibu, nikaiweka mikono ya Spès mahali pa mikono yangu. Wakaimba hadi mwisho. Nikashusha pumzi, nikakaa chini bila kukaribishwa.

Nkeshimana alimuuliza alikojifunzia.

"Kwa gitari ya Marcellin, mama. Yeye anapigaka ya kwanza, minye naimbaka ya pili."

Mama yule alitazama nje. Marcellin alikuwa amesimama uani, mikono mitupu. Gitari alikuwa ameiacha kwa jirani, kwa sababu mama yake alikuwa ameikataza kuingia nyumbani kwake.

"Kumbe mutoto wangu alikuwa ananisalimia," akasema, "na minye namufukuza."

Akamwita, akamtuma akailete. Marcellin alirudi mbio, akaketi karibu na miguu ya mama yake, akapiga ya kwanza peke yake, akaacha nafasi. Spès akafungua mdomo. Nikamgusa kwa kiwiko anyamaze, maana nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Nkeshimana akajibu.