Fundo Mwishoni mwa Kamba

Hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kumficha mtu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, husema hata cherehani yangu huanza kushona kabla sijakanyaga pedali. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba siku ya mtihani wa binti yangu nilikaa kimya karibu nusu saa, mjue jambo lilikuwa zito.

Mimi ni fundi wa matanga. Karakana yangu iko nyuma ya gati, chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya mbao niliyoisugua mpaka inateleza, maana tanga hukatwa likiwa limetandazwa chini na fundi yuko juu yake kwa magoti. Magoti yangu yana sugu kuliko visigino vya watu wengine. Kitindamimba wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda mpaka leo na miaka yake ishirini na tisa, hakutaka cherehani. Alitaka usukani, kama baba yake.

Boti yenyewe ni katamarani: miili miwili myembamba, sitaha pana katikati, na mbele kati ya miili hiyo umetandikwa wavu ambao wageni hujilaza wakaota jua. Ni ya kampuni ya kutembeza wageni. Kitinda amekuwa msaidizi humo miaka sita. Nahodha wa zamani alipostaafu, kampuni ilimwambia: lete cheti cha unahodha kabla msimu haujafunguliwa, usukani ni wako, usipokileta, tunaajiri wa nje. Mtihani wa kwanza akafeli. Ukabaki huu mmoja, na msimu ulikuwa unafunguliwa wiki inayofuata.

Na alifelishwa na tanga nililolishona mimi mwenyewe. Hapo ndipo roho iliponiuma. Ni tanga la mbele, kitambaa chepesi kama cha gauni la ndani, rangi ya chungwa na nyeupe, kubwa kuliko paa la nyumba yetu. Likishika upepo linavimba, ndiyo maana sisi tunaliita Puto. Kulipandisha hata mlevi anaweza. Kulishusha ndiyo shughuli. Boti nyingine upepo ukizidi hulala ubavu, na kila aliyemo akili zinamrudia. Katamarani hailali. Tena ukikimbia pamoja na upepo husikii kitu usoni. Unakunywa chai yako, unasema leo kumetulia, kumbe nyuma yako mambo yameshaharibika. Mara ile ya kwanza Kitinda alingoja kidogo tu, Puto likamburuta shemeji, ambaye ni baharia wa boti hiyo hiyo, kwenye sitaha na kumchubua viganja vyote viwili. Mkaguzi akaandika: amechelewa kushusha.

Toka siku hiyo mtoto akawa na wimbo mmoja, jikoni, bafuni, kitandani. Ukiwaza kushusha, shusha. Nilikuwa namwomba chumvi ananijibu hivyo.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Marehemu alikuwa na desturi yake: kila kamba ipigwe fundo mwishoni, ili ikikuponyoka isipite kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, ikaenda zake. Aliwahi kuponyokwa hivyo siku ya upepo mkali, akarudi nyumbani na jicho limevimba. Kuanzia hapo kwetu hakuna kamba inayokaa uchi. Kamba ya kuanikia nguo ina fundo. Ya ndoo ina fundo. Kamba za viatu vya Kitinda alipokuwa shule zilikuwa na mafundo mwishoni, na wenzake walimcheka mpaka darasa la sita.

Asubuhi ya mtihani niliwahi botini kabla ya wote, na chupa yangu ya chai, nikitaka tu kuangalia mishono yangu. Nikaona kamba za Puto zimekunjwa vizuri, miisho mitupu. Nikajisemea, huyu mtoto kwa hofu ya mtihani amesahau malezi. Nikapiga fundo. Nikapiga la pili. Mkono ulishakolea, nikazunguka boti nzima. Sikumwambia mtu. Nilikaa nikamimina chai nikajiona mama bora.

Mkaguzi akafika saa tatu. Mwanamume mwembamba, mpole, daftari mkononi, kofia imefungwa kwa kamba chini ya kidevu, na kamba ina fundo. Nikampenda hapo hapo. Kanuni zao zinataka boti ya mtihani iwe na abiria angalau mmoja, na abiria nikawa mimi.

“Abiria hasemeshi mtu aliyeshika usukani,” Kitinda akaniambia.

“Sawa, mwanangu.”

“Leo niite nahodha, Mama.”

“Ukipata cheti nitakuita.”

Shemeji akacheka pembeni. “Huyu hata marehemu hakuwahi kumwita nahodha,” akasema. Ni kweli. Nilikuwa namwita Baba Watoto, na alikuwa anaitika.

Tukatoka. Tanga kubwa likapanda, kisha Puto. Puto linavaa soksi, mfuko mrefu mwembamba unaolifunika toka juu mpaka chini. Shemeji akavuta kamba ya soksi, ikapanda, na kitambaa changu kikafunguka mbele yetu mwanga wa jua ukipita ndani yake. Nilitaka kulia. Sijui kama fundi cherehani wa magauni huona kitu kama hicho.

Mkaguzi akakaa nyuma karibu na winchi, ile ngoma ya chuma ya kuzungushia kamba, akamwambia Kitinda: “Nieleze utakavyolishusha.”

“Soksi haishuki juu ya tanga lililojaa,” Kitinda akajibu, macho mbele. “Kwanza nageuza mgongo kwa upepo. Halafu naachia kamba ya pembe ya chini ya tanga ikimbie yote, mpaka mwisho wake itoke kwenye kapi, tanga libaki linapepea kama shuka. Hapo ndipo soksi inashuka. Ndiyo maana kamba za tanga hili, hizi peke yake, hatuzipigi fundo mwishoni.”

Chai ikanipalia. Nilikohoa mpaka mkaguzi akanipiga mgongoni.

Jamani. Nimeshona matanga miaka thelathini na sijawahi kuwa botini Puto likishushwa. Mimi ni mtu wa karakana. Nikatazama mwisho wa ile kamba. Ulikuwa kwenye benchi, umejikunja kama paka, na juu yake amekaa mkaguzi na suruali yake iliyopigwa pasi.

Nikisema, mtoto anafeli kwa ajili yangu. Nikinyamaza, fundo litafika kwenye kapi likwame. Nikapanga kulifungua kimyakimya. Nikamwambia mkaguzi asogee kivulini. Akasema anapenda jua. Nikamwambia kule mbele anaona vizuri zaidi. Akasema anaona. Nikamwonyesha ndege mzuri upande wa pili, akageuza shingo tu, makalio yakabaki palepale. Kitinda akasema, “Abiria, kaa.” Nikakaa. Nilijichukia. Kwa kelele zangu zote, siku ya kusema neno la maana nilikuwa kama nimeshonwa mdomo.

Halafu nikamwangalia shemeji kule mbele na viganja vyake vilivyokuwa ndiyo kwanza vimepona. Cheti kipatikane au kisipatikane, vidole vya mtu haviuzwi dukani. Nikafungua mdomo.

“Tunashusha,” Kitinda akasema kabla yangu.

Mkaguzi akatazama huku na huku. “Mbona kumetulia?”

“Huku kumetulia. Kule nyuma maji yamebadilika rangi.” Akapaza sauti kidogo. “Baba mdogo, glavu. Shika kamba ya soksi, na usisimame kwenye wavu chini ya tanga. Mheshimiwa, nyanyuka hapo tafadhali.”

Mkaguzi akanyanyuka, mwishowe. “Ngoja, kuna fundo,” nikasema, lakini kamba ilishatoka kwenye winchi ikikimbia, na sauti yangu ikapotea kwenye mlio wake. Ilikimbia vizuri kweli, kisha ta. Fundo langu likagonga kapi la ukingoni likakwama. Puto, lililokuwa limeanza kulegea, likajaa upya kwa kishindo, boti ikaruka mbele, kamba ikakaza mpaka ikawa inatetemeka.

Mimi nilikuwa nimeshasimama na mkono umeshaenda kwenye kamba. Ni fundo langu, nilifungue.

“Mama, toa mkono.”

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningembishia, nakijua kichwa changu. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Nikatoa mkono, na sekunde ileile kapi likajipinda na kamba ikachapa pale kilipokuwa kidole changu.

“Baba mdogo, acha kwanza. Hakuna anayegusa kitu.”

Akageuza usukani taratibu. Boti ikazidi kuupa upepo mgongo, mpaka tanga kubwa likaja likasimama kati ya upepo na Puto. Puto likakosa cha kula. Likasinyaa upande mmoja, halafu wa pili, likaning'inia. Kamba ikalegea. Mtoto akangoja, midomo yake inahesabu. Mimi nisiyeweza hata kungoja maji yachemke nilingoja naye.

“Sasa, Mama. Fungua.”

Msumari wangu wa kufumulia uko shingoni siku zote. Fundo lilikuwa limekaza kama ngumi ya bahili, lakini hajazaliwa fundo linalonishinda. Nikalichoma, nikalipanua, likafunguka. “Tayari,” nikasema, nikarudi nyuma. Akaachia, kamba ikapita kwenye kapi yote, ikaenda zake huru, na Puto likapepea kama nguo za kuanikwa. Shemeji akavuta soksi, ikashuka, ikalimeza tanga lote toka juu mpaka chini. Wakaliteremsha kwenye wavu polepole, kamba ya juu imezungushwa kwenye winchi mara tatu, si mkononi. Likalala pale jembamba, limekamuliwa.

Dakika chache baadaye upepo wenyewe ukafika, ukakuta tuna tanga kubwa tu, na tumeshalipunguza. Kikombe changu hakikumwagika.

Mkaguzi akafungua daftari. “Nani alipiga fundo?”

“Mimi ndiye sikukagua kamba leo,” Kitinda akasema. “Kosa ni langu.”

“Mwongo huyo,” nikasema. “Alikagua jana jioni, nilimwona. Mimi nimekuja leo asubuhi nikapiga mafundo kama punguani. Niandike mimi.”

“Mama, boti ni yangu.”

“Na fundo ni langu.”

“Boti inatangulia fundo.”

“Wewe nani kakufundisha ubishi?”

“Shemeji, hapo umejiuliza mwenyewe,” shemeji akasema kutoka kwenye wavu.

Mkaguzi akangoja tumalize. Ilichukua muda. Kisha akasema kwa upole wake, “Jana si leo. Kukagua kabla ya safari, hilo hujapita. Kushusha tanga, sina la kuongeza. Tukifika gatini utakagua upya mbele yangu, kamba moja moja. Ukiacha hata moja, tutaonana msimu ujao.”

Njia nzima ya kurudi gatini nilikuwa nahesabu kwa vidole. Kamba ngapi nilizifunga? Hata mimi nilikuwa sikumbuki.

Kitinda alianza mbele kushoto akazunguka boti nzima. Hakukimbia. Alishika kila kamba akaifuata kwa mkono mpaka mwisho wake. Mkaguzi nyuma yake, mimi nyuma ya mkaguzi, shemeji nyuma yangu akihesabu kwa sauti ili kunikera. Mafundo yalifika kumi na tatu. La kumi na tatu lilikuwa kwenye kamba ya filimbi ya jaketi la kuokolea, na hapo hata mkaguzi alishindwa kujizuia. Kwenye kamba za tanga kubwa Kitinda akasimama, akayashika mafundo yake mawili.

“Haya yako mahali pake,” akasema. “Haya ni ya Baba. Yabaki.”

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, akachana karatasi, akampa. Kitinda akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni na kufunga zipu. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile ya chumvi.

“Mama, yale mafundo ya kwenye kamba za Puto yaliyobaki. Yafungue yote.”

Maishani mwangu sijapokea amri kwa mtu. Mume wangu alikuwa akiniomba. Nikavua msumari shingoni, nikapiga magoti kwenye sitaha.

“Sawa, nahodha,” nikasema.

Shemeji akasema hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia.