Mkanda wa Kapita

Jumamosi saa nne asubuhi, Bonaventure aliingia dukani kwa Iddy, soko la Baraka, akiwa na kipande cha uzi mkononi. Uzi huo ulikuwa na urefu sawa na mzingo wa shingo ya mbwa wake. Mbwa alikubali kupimwa bila hata kufumbua macho.

Mbwa aliitwa Kapita. Alikuwa wa aina ile kubwa inayotoka kusini, kilo sitini kabla hajala, na alinunuliwa Uvira ili alinde nyumba. Miezi mitano aliilinda vizuri. Kisha siku moja Bonaventure akamwita mkata miti na msumeno wake wa injini, na Kapita akashuka barazani, akaenda kulala chini ya migazi mitatu, ile michikichi ya mawese, iliyo ukingoni mwa kiwanja. Hakubweka wala hakuuma mtu. Alijinyoosha tu katikati ya ile miti. Mkata miti alisema haangushi mgazi juu ya mbwa wa watu, akabeba msumeno wake na kwenda zake. Tangu hapo Kapita hakuitika jina lake, wala filimbi, wala mfupa wa ng'ombe.

Migazi ile ilipandwa na marehemu Saleh, mume wa Faida, jirani wa upande wa ziwa. Saleh alipanda mgazi mmoja kwa kila mtoto, na Faida alikamua mawese yake akawa anawasomesha wote watatu. Lakini mwaka jana Bonaventure, mwenye maboti mawili ya kwenda Kazimia, alinunua gari, na gari likataka gereji. Bertin, mpima viwanja, alikuja bila utepe, kwa kuwa utepe ulikuwa umesahauliwa Fizi. Basi wakapima kwa kamba ya boti, ambayo Bonaventure mwenyewe alikuwa ameifunga mafundo, fundo moja kila mita. Mita zake zilikuwa ndefu kidogo kuliko za watu wengine. Alphonse, chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, akapiga muhuri, na kesho yake migazi ikaamka iko upande wa Bonaventure.

Bonaventure hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona mtu mwenye mbwa mkaidi.

"Niko na tatu," Iddy alisema, akipanga mikanda juu ya meza. "Hii iko inalia tu. Hii inatetemesha. Hii kubwa iko na yote, na tena inapiga courant, umeme kabisa. Zote ziko na telekomande ya kubonyeza."

"Inafika mbali?"

"Mita mia nane, patron. Na mvua haiziharibu."

"Unipe kwanza ile ya kulia. Mi sipendi kutesa munyama."

Jumapili asubuhi, wakati mkewe Émilienne yuko kanisani, Bonaventure alimvisha Kapita mkanda, akarudi barazani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza mara kumi na moja. Kapita alipiga miayo.

Émilienne alirudi saa sita, akavua viatu.

"Bertin alikuwa analia leo," alisema.

"Analilia nini?"

"Hapana kulia ya machozi. Kifua yake ilikuwa inafanya piii, piii. Mara kumi na moja. Mchungaji alingojea amalize, kisha akaendelea na mahubiri."

Bonaventure alifikiri kidogo, akaona kwamba mkanda ule haukumfaa mbwa mkubwa. Jumatatu akaubadilisha, akachukua wa pili, na Iddy akamwonyesha jinsi ya kuukaza ili vijiti viwili vya chuma viguse ngozi.

Mkanda wa kutetemesha ulifanya kazi vizuri sana, ila ulifanyia kazi bureau ya quartier. Alphonse alikuwa akitia saini cheti cha mtu wa Lweba mkono ulipoanza kumtetemeka, na saini ikatoka nje ya karatasi, ikavuka meza, ikaishia ukutani karibu na kalenda. Yule mtu wa Lweba aliomba apewe na kipande cha ukuta ili cheti chake kiwe kamili. Akapewa.

Ukabaki mkanda wa tatu. Telekomande yake ilikuwa na vitufe vitatu na nguvu za courant kuanzia moja mpaka kumi. Iddy alimshauri aanze na moja, lakini Bonaventure hakuwa mtu wa kuanza na moja, akaweka nne. Alipobonyeza kitufe cha chini, alijikuta amekaa sakafuni, kiatu kimoja kimeruka mpaka kwenye maua. Akakifuata, akakivaa, akabonyeza tena ili awe na hakika. Safari hii viatu vyote viwili vilimtoka.

Kapita alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Courant inanishika mi, haishike imbwa," Bonaventure alimweleza Iddy.

Iddy aliugeuza mkanda, akasoma karatasi yake. "Garantie iko ya imbwa tu, patron. Ya mwenye imbwa hawakuandika."

Jioni hiyo Alphonse na Bertin, waliokwisha kusikia habari za mikanda kutoka kwa Iddy, walikuja, kila mmoja na kiti chake, kwa sababu walijua mazungumzo yatakuwa marefu. Émilienne aliwapa chai, akabaki amesimama mlangoni.

"Mumurudishie Mama Faida miti yake," alisema. "Hii mambo itaisha leo."

Alphonse alijiongezea sukari.

"Ile iko ngumu," alisema. "Itaomba niandike kwamba nilikosea."

"Na mi nitaandika nini?" Bertin aliuliza. "Kwamba nilipima na kamba?"

Wakaelewana haraka, kwa moyo safi kabisa. Mkata miti hataitwa tena, maana mbwa hataki. Ukuta utazunguka migazi, pamoja na Kapita aliyelala chini yake. Gereji itajengwa fupi. Ilijengwa kwa wiki mbili, na mpaka leo gari hulala na kisogo chake nje.

Faida aliumia. Vichane vya ngazi, matunda ya mawese, vilikuwa vimeiva, vyekundu, anaviona juu ya ukuta lakini havifikii. Mwanawe mkubwa, Asha, aliyekuwa darasa la sita, aliacha shule kwa kukosa karo, kisha wadogo zake wakamfuata. Siku ya kwanza baada ya ukuta kukamilika, saa kumi, Faida alibisha hodi na bakuli la vichwa vya samaki. Alisema amekuja kumsalimia Kapita, kwa sababu katika nyumba ile ni mbwa peke yake aliyemheshimu.

Bonaventure alimfungulia. Kapita alikula, akalamba bakuli, akarudi mahali pake. Faida aliweka kiganja kwenye kila mgazi, mmoja mmoja. Alipokuwa akitoka aliona kile kidude chenye vitufe juu ya kigoda.

"Hii inafanya nini, Papa Bona?"

Bonaventure alikuwa mkweli katika mambo madogo. Akamweleza kitufe kwa kitufe.

Faida alikichukua, akabonyeza cha kwanza, na huko mtaani Bertin akalia piii. Akabonyeza cha pili, Alphonse akaweka kalamu chini. Alipofika cha tatu alimtazama jirani yake, akangoja akae vizuri, ndipo akabonyeza.

"Na miti yangu?" aliuliza.

"Karatasi iko na muhuri, mama," Bonaventure alijibu kutoka sakafuni. "Ningefanya nini?"

Sasa Faida huja kila siku saa kumi. Bertin amehamia kiti cha nyuma kanisani, kwa kuwa kwaya yake hufanya mazoezi saa hiyo. Alphonse hufunga bureau saa tisa na nusu. Bonaventure ameweka mkeka barazani na huvua viatu mapema, visipotee. Na kila asubuhi huutoa mkanda na kile kidude chake, akaviweka juani kwenye panneau ya sola vijae moto, maana yeye si mtu wa kumnyima jirani kitu kidogo.